Swabu, sindano au kipande cha nyama: sampuli ipi imtaje bakteria wa kidonda?

Kidonda kimoja, mguu mmoja, sampuli mbili za asubuhi moja. Ya kwanza ilikuwa swabu, kijiti chenye pamba nchani, iliyopitishwa juu ya kidonda kabla hakijaoshwa. Ya pili ilikuwa kipande cha nyama kisichozidi punje ya mchele, kilichochukuliwa baada ya muuguzi kukiosha kidonda na daktari kukwangua nyama iliyokufa. Kesho yake nilizifungua sahani zote mbili nilizooteshea bakteria wa sampuli hizo. Ya swabu ilikuwa na aina nne za bakteria, na mmoja wao, Proteus, alikuwa ametambaa sahani nzima wimbi juu ya wimbi hadi kuwafunika wenzake. Ya kipande cha nyama ilikuwa na aina moja tu: Staphylococcus aureus, makoloni ya manjano yaliyotuna, kila moja na duara angavu pembeni mahali ambapo chembe za damu zimeyeyushwa.

Ningeletewa swabu peke yake, majibu yangetoka na majina manne, na mgonjwa angebebeshwa dawa mbili tatu kwa ajili ya wapitanjia waliokaa juu ya kidonda.

Nimekaa kwenye benchi la bakteriolojia muda wa kutosha kujua kwamba wengi huuliza kipimo gani ni bora, ilhali swali la kwanza ni kimechukuliwa nini, na kimechukuliwaje. Hakuna mashine inayoweza kuirekebisha swabu iliyochota uchafu wa juu. Kwa hiyo nitaanza na sampuli, kisha ndipo nije kwenye vipimo.

Je, kuna haja ya kuotesha?

Mara nyingine hakuna, na ni vizuri kulisema hilo mapema.

Chukua jipu na selulitisi. Vyote viwili huvimba, huuma na huwa vya moto, lakini mbele ya maabara ni mbingu na ardhi. Jipu lina usaha, na usaha ni sampuli nzuri kupita zote. Jipu la kawaida kwa mtu mwenye afya hutibiwa hasa kwa kupasuliwa na kukamuliwa. Mwongozo wa 2014 wa IDSA, chama cha Marekani cha madaktari wa magonjwa ya kuambukiza, unapendekeza usaha upakwe rangi ya Gram na uoteshwe, ila unakubali kwamba jipu la kawaida linaweza kutibiwa bila kipimo. Mimi nasema usimwage usaha huo kama jipu linajirudia, kama watu wa nyumba moja wanaambukizana, kama kuna homa, au kama dawa ya kwanza imegonga mwamba. Majipu ya kujirudia mara nyingi ni kazi ya S. aureus, ambaye takriban mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa chochote.

Selulitisi ni uambukizo ulioenea ndani ya ngozi bila usaha. Kwenye ngozi nyeupe huonekana nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi huweza kuwa zambarau au kuiva tu kuliko sehemu ya jirani, na mkono ndio unaohisi joto kabla jicho halijaona. Hapo swabu haina kazi. Ukiipitisha juu ya ngozi nzima utaniletea wakazi wa kila siku wa ngozi, na nitakuotesha hao hao. Hata damu ya mgonjwa wa selulitisi ya kawaida huotesha bakteria kwa wagonjwa 5 au pungufu katika kila 100. Ndiyo maana mwongozo huo hautaki iwe desturi kuotesha damu au majimaji ya selulitisi, isipokuwa kwa mgonjwa wa saratani aliye kwenye kemotherapi, mwenye kinga iliyoshuka sana, aliyeumia akiwa majini, au aliyeng'atwa na mnyama.

Impetigo, vile vidonda vya watoto vyenye magamba ya rangi ya asali, vipo katikati. Daktari mzoefu huvitambua kwa macho na kuvitibu. Ukitaka kuotesha, nyanyua gamba kwanza, kisha chukua majimaji yaliyo chini yake, kwa maana juu ya gamba kumejaa kila kitu.

Halafu kuna kidonda ndugu, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kila kidonda cha muda mrefu kina bakteria. Ukikiotesha utapata jibu, hutakosa kamwe. Lakini kuwepo kwa bakteria siyo uambukizo. Uambukizo unatambuliwa kwa mgonjwa mwenyewe: maumivu yanayoongezeka, joto na uvimbe pembeni, usaha, harufu ambayo jana haikuwepo, homa. Kidonda kikikosa dalili hizo, kiache bila kipimo, kioshe na kifunge vizuri. Miongozo ya kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari inasema hivyo hivyo waziwazi: kisichoonyesha uambukizo kisioteshwe. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu karatasi ya majibu yenye jina la bakteria huwa ngumu sana kuipuuza. Mtu akiishaisoma, dawa itaandikwa.

Kuna hali moja ambayo haingoji maabara kabisa. Maumivu makali kuliko kinachoonekana kwa macho, ngozi inayogeuka zambarau au nyeusi, malengelenge, na mgonjwa anayezidiwa saa baada ya saa: hiyo ni dharura ya upasuaji. Sampuli itachukuliwa mezani wakati wa kupasua.

Sampuli tatu kwenye mizani moja

*Swabu* inapendwa kwa sababu ni rahisi, haiumi sana na kila muuguzi anaweza kuichukua. Ubaya wake ni mkubwa vilevile. Hubeba tone dogo, sehemu ya tone hilo hung'ang'ania kwenye nyuzi, na hugusa juu wakati ugonjwa uko chini. Bakteria wasiopenda oksijeni hufia humo kabla hawajafika maabara.

Lakini swabu si zote sawa. Kuna mtindo wa kuipitisha kidonda kizima kwa mwendo wa herufi Z, na kuna mbinu ya Levine, iliyoelezwa mwaka 1976. Kwa Levine, kidonda huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, nyama iliyokufa na usaha wa juu hutolewa, kisha ncha ya swabu hubonyezwa kwenye sehemu safi yenye upana wa sentimita moja ya mraba na kuzungushwa kwa sekunde 5, kwa nguvu ya kutosha kuyafanya majimaji ya ndani yapande juu. Kubonyeza huko ndiko kunakoleta tofauti. Z huchora picha ya uso wa kidonda. Levine hukamua kidogo kilichomo ndani. Kama swabu ndiyo njia pekee uliyonayo, chukua kwa Levine. Na ukiweza kuchagua kijiti, chagua chenye nyuzi fupi za nailoni zilizosimama kama brashi, kwa sababu huachia bakteria vizuri kuliko pamba iliyosokotwa. Kitumbukize kwenye kimiminika au jeli ya Amies, ya kusafirishia sampuli, na ukiache kwenye joto la kawaida la chumba. Swabu kavu ikipita saa 2 njiani, mimi huanza kuitilia shaka.

*Sindano* ni chaguo langu kwa jipu lililofungika. Ngozi husafishwa kwa spiriti ikaachwa ikauke, kisha usaha huvutwa kwa bomba kutoka kwenye kuta za jipu badala ya katikati, kwa kuwa katikati mara nyingi pana bakteria waliokwisha kufa. Mililita moja inatosha kupaka kwenye kioo, kuotesha kwenye hewa na kuotesha pasipo hewa, na bado inabaki akiba. Sampuli hii haijagusa ngozi ya nje, kwa hiyo nikipata aina moja ya bakteria naiamini. Sindano yenyewe itolewe na bomba lifunikwe kwa kifuniko kilichotakaswa kabla ya kutumwa. Usaha unaotumwa na sindano ikiwa bado imechomekwa ni hatari kwa anayeubeba na kwangu ninayeupokea. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inataka mkono uliozoea, hasa shingoni, kwenye kinena na mahali pengine palipo karibu na mishipa mikubwa.

*Kipande cha nyama* ndicho mfalme kwa vidonda vya ndani, vidonda vya kisukari vilivyoambukizwa, na pale mfupa unaposhukiwa. Huchukuliwa kwa ganzi, kwa kijiko cha kukwangulia au kwa kifaa cha kutoboa, kutoka chini ya kidonda kilichokwisha kusafishwa. Kwa muda mrefu hesabu ya bakteria 100,000 katika kila gramu ya nyama imekuwa ikitumika kama mstari kati ya bakteria waliokaa tu na wale wanaoshambulia. Swabu haiwezi kukupa hesabu ya namna hiyo kwa uhakika.

Kuna jambo limewahi kuniuma sana kuhusu sampuli hizi. Kililetwa kipande kizuri, kimechukuliwa kwa ustadi kutoka kwenye kidonda cha mgonjwa aliyekwisha kuteseka wiki kadhaa. Nilipofungua kichupa, harufu ilinichoma pua: formalini. Patholojia huihitaji formalini ili nyama isioze. Kwa bakteriolojia ni sumu, inaua kila kilicho hai. Mgonjwa alilazimika kurudi kukatwa tena. Tangu hapo nawasihi wote ninaofanya nao kazi: vichupa viwili. Kimoja chenye formalini kwa ajili ya patholojia, kingine kitupu kilichotakaswa, chenye matone machache ya maji ya chumvi, kwa ajili yetu.

Kwa hiyo nikiulizwa nipange, napanga hivi: penye usaha uliofungika, sindano, penye kidonda cha ndani kilichoambukizwa, kipande cha nyama, penye kidonda kilichoshafunguka na hakuna mtu wa kukata, swabu ya Levine. Swabu ya kupitisha juu juu kwenye kidonda kichafu, bora isichukuliwe kabisa.

Darubini, sahani au jeni

Sampuli ikishakuwa nzuri, njia za kumtambua bakteria zinatofautiana kwa kasi na kwa kina.

Rangi ya Gram, iliyobuniwa na Hans Christian Gram mwaka 1884, hutoa jibu ndani ya nusu saa. Vishada vya duara vya zambarau huelekeza kwa Staphylococcus, minyororo huelekeza kwa Streptococcus, vijiti vya waridi huelekeza kwa kundi la akina Pseudomonas na Escherichia coli. Haitaji jina kamili, na haisemi dawa ipi itafanya kazi. Lakini ina faida ambayo watu huisahau: inapima ubora wa sampuli yenyewe. Nikiona seli nyingi za usaha, najua nimeletewa kilichotoka vitani. Nikiona seli bapa za ngozi tu zimetapakaa, najua mtu amekwangua juu.

Kuotesha huchukua muda, na muda huo ndio gharama yake kubwa. Sampuli hupakwa kwenye agari, jeli ya kuoteshea bakteria: agari ya damu, mara nyingi yenye asilimia 5 ya damu ya kondoo, na kwenye MacConkey, ambayo huzuia Staphylococcus na Streptococcus na pia humfunga Proteus miguu asitambae. Wengine huongeza agari ya chumvi na manitoli, aina ya sukari: chumvi yake ya asilimia 7.5 huwashinda wengi, S. aureus huistahimili na kuigeuza agari kutoka waridi kuwa manjano. Sahani huwekwa kwenye nyuzi joto 35 hadi 37, husomwa baada ya saa 18 hadi 24, na hurudishwa hadi saa 48 kabla ya kuandika kwamba hakuna kilichoota.

Nikae kidogo hapa, maana ndipo jina linapopatikana. Nachukua koloni moja kwa kijiti, naliweka kwenye kioo, nadondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Povu likichemka papo hapo, hiyo ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalasi, na niko upande wa Staphylococcus. Kukiwa kimya, niko upande wa Streptococcus. Kijiti lazima kiguse koloni bila kuichimba agari, kwa sababu chembe nyekundu za damu nazo zina katalasi na zitatoa povu la uongo.

Kisha koagulesi, kimeng'enya kinachogandisha plazma. Nusu mililita ya plazma ya sungura kwenye tyubu ndogo, naongeza bakteria, naiweka kwenye nyuzi joto 37. Baada ya saa 4 naiinamisha tyubu taratibu mbele ya taa. Ikiwa plazma imeganda na haitiririki, hiyo karibu kila mara ni S. aureus. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoyeyusha donge usiku, kwa hiyo anayesoma asubuhi tu atamwandika S. aureus kama mkazi asiye na hatia. Tyubu ambayo haijaganda saa ya 4 huachwa hadi saa 24, lakini saa ya 4 hairukwi.

Streptococcus pyogenes hujitambulisha kwa namna nyingine: koloni dogo kama ncha ya sindano na duara kubwa angavu kuliko koloni lenyewe. Pseudomonas aeruginosa mara nyingi naijua kabla sijaigusa, kwa rangi ya kijani inayoenea kwenye agari na harufu inayofanana na zabibu. Kipimo cha oksidesi huja kuthibitisha tu. Staphylococcus epidermidis akiota kutoka kwenye swabu, kwa kawaida namhesabu kuwa mwenyeji wa ngozi. Ndugu yake S. lugdunensis, ambaye naye hushindwa koagulesi ya tyubu, simdharau: husababisha majipu ya kweli.

PCR husoma jeni na huweza kujibu ndani ya saa chache. Hufaa sana kujua haraka kama kuna jeni la mecA, linalowapa S. aureus wengi usugu wa aina ya MRSA, yaani usugu dhidi ya methisilini na dawa za jamii yake. Lakini PCR humwona hata bakteria aliyekwisha kufa, hutafuta wale tu iliyoelekezwa kuwatafuta, na haikupi orodha kamili ya dawa zinazofanya kazi. MALDI-TOF, mashine inayomtambua bakteria kwa protini zake, nayo hutaja jina kwa dakika, ila kwa kawaida huhitaji koloni lililokwisha kuota; inafupisha siku ya pili, ya kwanza inabaki palepale. Ningekuwa na mgonjwa mahututi na vifaa vyote mezani, ningetumia Gram na PCR kwa ajili ya leo, na bado ningeotesha kwa ajili ya kesho kutwa.

Sababu ni dawa. Koloni hai pekee ndilo linaloweza kuwekwa mbele ya antibiotiki na kutazamwa likifa au likikua. Bakteria husawazishwa kwenye maji ya chumvi hadi ukungu wake ufanane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, kipimo cha kulinganishia ukungu, hupakwa kwenye agari ya Mueller-Hinton, na vidonge vya karatasi vyenye dawa hupangwa juu. Kwa S. aureus kidonge cha cefoxitini ndicho hufichua MRSA. Kidonge cha klindamisini kikiwekwa karibu na cha erithromisini hufichua jambo jingine: duara tupu ambalo klindamisini imezuia bakteria kuota likinyooka upande unaoelekea erithromisini na kuwa na umbo la herufi D, usugu umejificha, na klindamisini itaonekana nzuri kwenye karatasi kisha imwangushe mgonjwa. PCR ya kawaida ya MRSA haikuonyeshi umbo hilo.

Wale ambao sahani ya kawaida haiwaoni

Jibu la "hakuna kilichoota" siyo daima kwamba hakuna bakteria. Mycobacterium ulcerans, anayeleta kidonda cha Buruli, hupenda joto la chini, nyuzi 29 hadi 33, na huchukua wiki nyingi kuota. Kwake PCR inashinda kuotesha bila ubishi. Bakteria wa ukoma hawaoti kabisa kwenye agari. Wasiopenda oksijeni huhitaji mtungi usio na hewa na angalau saa 48. Choa na mapunye ni fangasi, huhitaji magamba ya kukwangua na darubini. Kidonda kisichouma chenye gamba jeusi kwa mtu anayeshika mifugo au ngozi zake kinaweza kuwa kimeta, na maabara iambiwe kabla haijafungua kichupa, kwa usalama wa walio ndani.

Yote haya hutegemea fomu. Fomu iliyoandikwa "swabu ya kidonda" na basi hunifanya nioteshe kwa kubahatisha. Andika ni sehemu gani ya mwili, ni jipu au kidonda, kina siku ngapi, kilianzaje: kung'atwa na mbwa, kuungua, kuumia majini, upasuaji. Kung'atwa peke yake hunifanya nimtafute Pasteurella, ambaye vinginevyo ningeweza kumpita. Kama mgonjwa hajazidiwa, chukua sampuli kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Kama ameshaanza, andika jina la dawa na saa aliyoimeza mara ya mwisho.